Bastola ya .22 ikikugomea mkononi

Wengi mnaokuja renji, uwanja wa kulenga shabaha, kwa mara ya kwanza mnaanzishwa na bastola ya .22 (risasi yake ina kipenyo cha inchi 0.22 hivi), na sababu ni njema: hairushi mkono, mlio wake ni mdogo, na risasi zake ni nafuu kuliko za 9 mm. Ubaya wake ni kwamba mnaidharau. Boksi nyingi za risasi hizo zina onyo kwamba zinaweza kudhuru hata umbali wa maili moja na nusu, yaani kama kilomita 2.4. Sijawahi kumwona mgeni akilisoma.

Jambo la pili ni kwamba itagoma. Ukikaa nayo mchana mzima, usishangae ikikugomea mara mbili tatu, hata iwe mpya. Risasi ya 9 mm ina kikombe kidogo cha dawa ya kuwashia katikati ya kitako. Ya .22 haina, dawa hiyo imetandazwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini ya bastola huwasha kwa kuubana ukingo huo. Pini ikiangukia mahali ambapo dawa haikufika, utasikia "tik" na basi. Ndiyo maana risasi iliyogoma wakati mwingine hulipuka ikigeuzwa ikagongwa upande mwingine. Usijaribu hilo. Tuna kopo la risasi mbovu pale mwisho wa meza.

Hapo kwenye "tik" ndipo nataka mtulie. Dawa huenda imeshika, ila inachelewa. Mtutu ubaki umeelekea shabaha, kidole kitoke kwenye triga, uhesabu hadi 30 bila haraka. Inua mkono usioshika silaha ili msimamizi aje kwako, wewe usimfuate. Hata kwenye mashindano ya kimataifa ya bastola ndivyo inavyofanyika. Kisha toa magazini, kile kibebeo cha risasi, vuta slaidi, yaani chuma cha juu kinachorudi nyuma, risasi ianguke. Kiganja na uso vikae mbali na tundu la kutolea maganda.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii ya kufundisha, kijana mmoja alisikia "tik" akanigeukia, bastola mkononi, akaniambia, "Mwalimu, imekufa." Mtutu ulipita kwa mama aliyekuwa pembeni yake, ukaja kutua tumboni mwangu. Nilimkamata kifundo cha mkono nikakirudisha mbele. Risasi ilipotolewa ilikuwa nzima, na alama ya pini ukingoni. Nilimfokea, lakini kosa lilikuwa langu: saa nzima nilimfundisha kulenga, sikumwambia afanye nini ikigoma. Siku hizi nachanganya risasi bandia za plastiki kwenye magazini bila mwanafunzi kujua. Wengi hukasirika kidogo. Acha wakasirike.

Kuna mlio mwingine ninaouogopa kuliko "tik". Ni "puf", hafifu, kama mtu amekohoa ndani ya mto. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu. Usifyatue nyingine, hata kama shindano limefika raundi ya mwisho. Magazini itoke, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ikaguliwe, na anayejua apitishe ufito kuangalia kama njia iko wazi. Nimewahi kushika bastola ambayo mwenyewe hakungoja: mtutu ulikuwa umevimba katikati kama nyoka aliyemeza panya.

Ganda likibanwa wima na slaidi, mara nyingi ni uchafu au mkono mlegevu. Mtutu mbele, magazini nje, vuta slaidi, liondoke. Risasi za .22 hupakwa nta au grisi, na zikiungana na masizi huacha utando mzito kwenye chemba, kwa hiyo piga brashi kila baada ya mazoezi. Jaribu pia aina mbili tatu za risasi, maana bastola hizi zina uchaguzi kama mtoto mezani. Na nyumbani usifyatue tupu, yaani bila risasi, kujifurahisha mpaka usome kitabu chake. Kwa baadhi yake pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

Miwani na vizuia masikio mtavikuta mlangoni. Chai na mandazi viko nyuma, lakini mnapitia kwenye sabuni kwanza, kwa sababu vumbi lile jeusi vidoleni lina madini ya risasi.