Maziwa ya kwa jirani

Mwanangu Shabani,

Ujumbe wako wa sauti tumeusikia. Mama yako alinirudishia mara ya pili, maana mara ya kwanza muuza dagaa alikuwa anapita na kengele yake. Unauliza umpe mjukuu wangu Zuhura kinywaji gani chenye afya, kwa kuwa maji anayatema, maziwa anayasukuma na kikombe chake, na akiona boksi la juisi analia mpaka apewe.

La kinywaji halina maneno mengi. Maji yaliyochemshwa yakapoa. Maziwa, na kwa kuwa hajafika miaka miwili yasiwe yale yaliyoondolewa mafuta, vikombe viwili kwa siku, vikizidi sana vitatu. Mtoto aliyejaa maziwa hali chakula, na maziwa hayana madini ya chuma ya kumtosha. Madaktari wa watoto wa Marekani walisema mwaka 2017 kwamba chini ya mwaka mmoja juisi asipewe kabisa, na kuanzia mwaka mmoja mpaka mitatu isizidi mililita 120 kwa siku, hata ikiwa ya matunda matupu. Na usome ubavuni mwa boksi: viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukikuta maji, halafu sukari, ndipo tunda, umenunua maji ya sukari yenye picha ya chungwa. Sisi huku Muheza machungwa yanaoza chini ya miti.

Sasa na mimi nikuulize. Hilo boksi linaingiaje ndani? Mtoto haendi dukani. Hujawahi kunisikia nikisema lingine juu ya watoto na vyakula: mtoto haendi dukani, mkubwa ndiye anayekwenda.

Nasema hivyo, na mama yako hapa pembeni anacheka. Anasema, mtoto haendi dukani lakini kwa jirani anakwenda. Basi ngoja nikukumbushe, ingawa mwenyewe ulikuwa na umri wa Zuhura na unaijua kwa kusimuliwa na shangazi zako, ambao huongeza chumvi.

Yule mtamba tuliyempata kwa mkopo, wakati wa mradi wa maziwa wa Tanga uliosaidiwa na Waholanzi, alizaa mwaka 1989. Mkopo wenyewe ulilipwa kwa ndama jike, hilo unalijua. Nilijenga banda, nikapanda majani ya tembo ya kumlisha, nikawa natembea kifua mbele. Mwanangu atakunywa maziwa ya kwake! Nawe ukakataa. Maziwa yakichemka tu jikoni, unakimbilia uvunguni. Bibi yako, Mungu amrehemu, akawa anakupa chai ya rangi yenye sukari kwa siri, anasema mtoto asilale na kiu. Kule zahanati mganga alikufunua kope, akaona weupe, akauliza, huyu anakunywa nini? Chai inazuia chuma ya kwenye chakula isiingie mwilini vizuri. Sisemi ni chai ya bibi yako iliyokupunguzia damu, malaria ya Muheza siku hizo haikuwa na msimu. Lakini haikusaidia.

Tulikubembeleza kwa kila namna. Mama yako anaimba, bibi yako anaahidi kashata, mimi nimeshika kikombe. Watu wazima watatu wamemkodolea macho mtoto mmoja. Unafumba mdomo.

Ndipo jioni moja nimekaa barazani na wenzangu, Mama Rehema akapita akaniambia mbele yao wote: "Bwana, haya maziwa unayoniuzia, mwanao anakuja kuyanywa kwangu kila siku. Nikukate kwenye hesabu?" Watu walicheka mpaka kofia zikaanguka. Mwenye ng'ombe, mtoto wake anakwenda kuomba maziwa! Kinyozi wa sokoni alinitania kwa hilo mpaka alipohama mji. Na mwisho wa mwezi nilimpunguzia Mama Rehema deni lake, nikitegemea atasema hapana, jirani, mtoto ni wetu sote. Alikubali. Alikubali hapo hapo, akaniuliza na ya mwezi uliopita. Mpaka leo nikimwona namwamkia vizuri, lakini nakumbuka.

Kesho yake nilikwenda kuchungulia. Watoto wake wamekaa mkekani, muhogo wa kuchemsha katikati, kila mmoja na kikombe, nawe umejipenyeza baina yao. Hakuna aliyekuwa anakutazama. Maziwa ni yale yale, ya ng'ombe yule yule, hata sukari hayakutiwa. Nilisimama pale nimekasirika na nimefurahi kwa pamoja, sijui kipi kilizidi. Baada ya hapo nikawaita watoto wote wa Mama Rehema kwetu jioni, muhogo wangu, mkeka wangu, maziwa yangu. Ilinitia hasara, lakini ulikunywa.

Kwa hiyo Zuhura mkalishe na wenzake, au kaa naye mwenyewe ukinywa hicho hicho unachotaka anywe. Ukimpa maji na mkononi mwako una soda, kwa nini akuamini? Akikataa, ondoa kikombe bila hotuba. Kama amezoea juisi, mchanganyie na maji, uongeze maji kidogo kidogo mpaka juisi iishe. Kinywaji kitamu kwenye chupa usimlaze nacho, meno yataharibika. Maziwa ya mgando yasiyo na sukari jaribu pia. Wapo wasiotaka maziwa ya moto na mgando wanaulamba.

Mkeo aliponisalimu Jumapili alisema boksi huja jioni na mtu anayetoka kazini, ambaye hataki kulakiwa mikono mitupu. Sikumuuliza ni nani. Nina la kusema juu ya mtu huyo, tena refu, lakini mama yako amenikataza nisiliandike. Na kusema kweli mimi nami nilikuwa napenda kukimbiliwa mlangoni, tofauti ni kwamba nilikuja na ndizi. Basi naliacha. Mtoto haendi dukani, hilo tu.

Gunia la machungwa nimelipakia kwenye basi la asubuhi, konda ana namba yako. Mmenyee Zuhura mapande, umtolee kokwa, ale, usimkamulie.

Baba yako