Dawa ya kumbukumbu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: usimtumie

SWALI: Assalamu alaikum. Mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Mwanangu wa kwanza alipata A- katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na mwezi wa tisa akaenda chuo kikuu huko bara kusomea uhandisi. Juzi amenipigia akilia: jaribio la kwanza la hesabu za kalkulasi amepata 9 kwa 30. Hatoki chumbani, mchana analala, usiku anakesha na vitabu, na asema akisoma hakikai kitu kichwani. Mjomba wake amepata mtu hapo Malindi anayeuza dawa ya kumbukumbu, ya mwezi mmoja shilingi 4,500. Wengine wasema amefungwa kwa uchawi, nimrudishe nyumbani mpaka mwakani. Je, akili ya mtu yaweza kuharibika ghafla hivi? Nimtumie dawa au nimrudishe?

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Dawa usimtumie. Kumrudisha nako, ngoja kwanza. Na akili yake haikuharibika.

Nimekuwa mshauri wa wanafunzi kwa miaka mingi na kwangu ni hapa Malindi, kwa hivyo swali lako hunifikia kila mwaka ukiingia mwezi wa kumi. Kinachobadilika ni jina la kozi na bei ya dawa.

Hizo 9 kwanza, maana najua ndizo zilizokukosesha usingizi. Katika vyuo vikuu vyetu vingi majaribio ya muhula hubeba alama 30, mtihani wa mwisho hubeba 70, na pasi ni 40. Hata alama zake za majaribio zingebaki 9 mpaka mwisho, angehitaji 31 kwa 70 ili avuke, na kwa kawaida jaribio haliwi moja. Mgawanyo huo hutofautiana kidogo kozi na kozi, aulize katika idara yake. Sisemi 9 ni alama nzuri. Nasema ni alama ya mtoto aliyefika juzi mahali pasipo na kengele ya prepu wala mwalimu wa zamu, na mhadhiri aliyesimama mbele ya watu mia mbili hajui nani ameelewa na nani amepotea.

Sasa nije kwenye neno ulilolinukuu kwake, kwamba akisoma hakikai kitu. Hapa ndipo penye shida, na ndipo wauza dawa walipojenga duka. Watu wameaminishwa kwamba kumbukumbu ni kama mtungi, ukivuja basi umetoboka, atafutwe wa kuuziba. Sivyo. Mwanao anasoma kwa njia isiyofaa, tena kwa saa nyingi, na kadiri anavyozidisha saa ndivyo anavyozidi kuogopa. Na kwa kuwa alikuwa hodari tangu darasa la kwanza, hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwonyesha namna ya kusoma peke yake. Mwerevu hafundishwi kusoma, ndivyo tunavyosema. Msemo huo umenipotezea vijana wazuri wengi kuliko umaskini wa karo.

Dada, kumbuka mwanao alivyosoma chuoni, kile chuo chetu kidogo cha mtaani, kabla ya hiki kikuu. Mwalimu alimwambia aitazame sura mara ishirini kisha aende zake? Aliambiwa afunge msahafu, asome kwa moyo. Alipokwama, mwalimu alimtajia neno moja akaendelea mwenyewe. Na kesho yake, kabla ya kupewa somo jipya, alirudishwa nyuma: soma ya jana, soma ya juma lililopita, soma ile ya mwezi uliopita uliyodhani tumeshaiacha. Huko ndiko kudurusu. Huenda wewe mwenyewe ulikuwa ukimsikiliza jioni, kitabu mkononi mwako, macho yake juu darini. Kisha mtoto huyo huyo anafika chuo kikuu na kuiacha njia aliyoijua tangu ana miaka sita, kwa sababu anadhani ile ilikuwa ya watoto. Anakaa na daftari wazi mbele yake analisoma, analisoma tena, anapiga mistari ya rangi, na kila akirudia anazidi kuyazoea maneno. Anadhani kuzoea ni kujua.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vifupi wavisome. Kifungu kimoja walikirudia kukisoma. Kingine walikiweka kando, wakaandika kwenye karatasi tupu kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, kile cha kurudiwa kusomwa kilikuwa mbele kidogo. Wale waliopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: cha kujijaribu walikikumbuka kwa asilimia 56, cha kurudia kusoma kwa asilimia 42. Zile dakika 5 ndizo zinazowaponza vijana wetu. Mtu hujipima pale pale anapofunga daftari, akaona yote yapo, akaenda kulala na amani. Wiki ya mtihani ndipo anapohisi amefungwa.

Mwaka fulani alikuja ofisini kwangu binti wa mwaka wa kwanza, naye akiwa na maneno hayo hayo ya mwanao. Alinifungulia daftari la kemia. Karibu kila mstari ulikuwa umepakwa rangi ya manjano, ukurasa ukawa kama umemwagiwa bizari. Nikalifunga, nikampa karatasi tupu na kalamu, nikamwambia aniandikie yaliyomo kwenye ukurasa aliokuwa akinionyesha. Aliandika kichwa cha habari. Akaandika mistari miwili. Kalamu ikasimama, akaanza kuigongagonga mezani, macho yakajaa machozi, akaniambia, “Naona kabisa mahali ilipoandikwa, upande wa kushoto chini, lakini siioni inasema nini.” Nikamruhusu afungue, atazame mara moja, afunge tena. Tukafanya hivyo kwa muda wa dakika arubaini. Mwisho wake aliujaza ukurasa mzima bila kutazama, na hakumeza kidonge chochote.

Kwa kalkulasi ni vivyo hivyo, tena zaidi. Kutazama hesabu iliyokwisha kufanywa ubaoni na kukubali kwa kichwa kwamba ndiyo, hatua hii inaeleweka, si kujua hesabu. Afunike jibu, achukue karatasi, aifanye yeye mpaka akwame. Pale alipokwama ndipo pa kumpelekea mhadhiri au mwenzake, na aende na karatasi yenyewe mkononi. Mhadhiri akiambiwa “sielewi kalkulasi” hana la kujibu. Akionyeshwa mstari wa nne, atajibu kwa dakika tatu. Kisha hesabu ile ile airudie baada ya siku mbili, na baada ya wiki.

Wewe nawe una kazi, na huhitaji kujua kalkulasi ili uifanye. Anapokupigia usiku, usimuulize “umefaulu?” wala “unasoma kweli?” Mwambie akueleze alichosoma leo, bila daftari, kama alivyokuwa akikusomea akiwa mdogo. Hutaelewa yote, si neno. Atakapoanza kutatizika atajijua mwenyewe ni wapi.

Usiku alale. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu wapo wanaowafundisha vijana kwamba mwenye kukesha ndiye msomi, na wapo wanaowapa muguka, majani ya kutafuna, wa kukeshea. Mtu anapolala ndipo ubongo unapoyaimarisha aliyojifunza mchana. Anayekesha siku tatu kabla ya mtihani amelipa kwa kitu kile kile alichokuwa akikitafuta.

Kulia na kutotoka chumbani ni jambo jingine, usilichanganye na hesabu. Mwanao ametoka mji ambao akipita uchochoroni kila baraza lamsalimia, na anayeombwa njia ni punda, si matatu. Sasa anapishana na watu elfu kwa siku na hapana hata mmoja anayejua ni mtoto wa nani. Baridi imemshika, chakula hakina nazi, na wenzake chumbani wanacheka kwa lugha asiyoijua. Huzuni ya namna hiyo katika miezi ya kwanza ni ya kawaida, na wengi hupungukiwa nayo wakipata watu wawili watatu wa kukaa nao. Vyuo vingi vina jumuiya ya wanafunzi Waislamu na umoja wa wanafunzi wa Pwani. Aende huko Ijumaa, asingoje kualikwa. Lakini ikiwa majonzi yamemkaa karibu kutwa nzima kwa zaidi ya wiki mbili, hali chakula wala haogi, au akatamka kwamba heri afe, hapo hatungojei muhula uishe. Aende kituo cha afya cha chuo siku hiyo hiyo, na aione ofisi ya ushauri wa wanafunzi, ambayo hailipishwi. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, pia hupokea watu wenye dhiki ya moyo.

Kuhusu kumrudisha: kuahirisha masomo kupo na si aibu, lakini hufanywa kwa barua iliyokubaliwa na chuo. Akipanda basi tu akaja nyumbani, atahesabiwa ametoroka, na mitihani aliyoikosa itamngoja.

Nimebakisha wauzaji, na hapa nawaambia wazazi wote, si wewe peke yako. Sizungumzii dua. Dua ya mama haina bei wala wakala. Nazungumzia mtu anayechukua shilingi 4,500 kwa simu kutoka kwa mama ambaye hajamwona, ampe unga au vidonge visivyo na jina la kiwanda. Niliwahi kumsindikiza hospitali saa nane za usiku mwanafunzi aliyemeza vitu hivyo kwa siku nne. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio hadi fulana ikionekana kutikisika, na alikuwa hajapata lepe la usingizi kwa usiku mbili. Daktari akamuuliza amekula nini. Hakujua. Aliyemuuzia naye alikuwa amezima simu.

Ndugu zake muuza dawa ni wengi, na wote huwinda mwaka wa kwanza. Yupo anayeandika kazi za watu kwa malipo. Kijana akimpa mia tano wiki ya nne, wiki ya sita na wiki ya tisa, huingia kwenye mtihani wenye alama 70 akiwa hajawahi hata siku moja kulishika swali kwa mkono wake, na chuo kikigundua, hatua za nidhamu humwangukia yeye, si mwandishi. Yupo anayeuza mitihani ya uongo Telegram wiki moja kabla ya mitihani, akila fedha za matumizi ambazo mzazi amezipata kwa kuuza samaki au maembe. Yupo anayedai ana mtu ndani wa kubadilisha kozi, wakati fomu ya kuomba uhamisho iko ofisi ya usajili. Hawa wote huanza kwa kumwambia mtoto kitu kimoja: kwamba wenzake wote wanafanya hivyo, ni yeye tu mjinga. Mtoto anayejiona ameshafeli huamini upesi. Akishalipa mara ya kwanza, huambiwa kwamba nyota yake ni ngumu kuliko walivyodhani, aongeze kidogo.

Mwambie mjomba amuulize huyo mtu wa Malindi mambo mawili: ndani ya dawa mna nini, na namba yake ya usajili katika Bodi ya Famasia na Sumu ni ipi. Na kama fedha zimeshatumwa, pakiti ikifika Lamu ipeleke kwa mfamasia wa hospitali ya King Fahd aitazame. Isivuke tena bandari ya Mokowe kwenda bara kwa mtoto.