Jibu kwa dada aliyeambiwa alipie mafunzo kabla ya kuanza kazi

Dada, umeuliza kama kampuni ya kweli inaweza kukudai pesa ya mafunzo kabla hujaanza kazi, na umesema barua yao imekupa mpaka kesho saa sita mchana. Usilipe. Nakwambia hivyo kwa sababu barua ya namna hiyo niliwahi kuipokea mimi.

Nilikuwa na miezi minane bila kazi. Tangazo lilihusu kuhudumia wateja ukiwa nyumbani, kwa jina la kampuni kubwa ambayo ipo kweli. Watu husema tapeli utamjua kwa lugha mbovu. Hawa waliandika vizuri kuliko mabosi wengi niliowahi kufanya nao kazi. Usaili ulifanyika Telegram, kwa kuandikiana tu, kwa muda wa karibu saa mbili, na maswali yalikuwa ya maana. Nikajibu kwa moyo wote. Nikaambiwa nimefaulu, ikaja barua yenye nembo, muhuri na sahihi. Siku ya pili wakataka pesa ya kompyuta, nitarudishiwa kwenye mshahara wa kwanza. Nikatuma. Siku tatu baadaye wakataka ya bima.

Hapo nikaachana na namba zao, nikaitafuta mwenyewe tovuti ya kampuni na kupiga namba niliyoikuta huko. Mama aliyepokea alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo nafasi hatuna."

Ukishika moja tu katika haya yote, shika hili: hakikisha kwa njia ambayo wao hawakukupa. Mimi nilikuwa nahakiki kila siku, lakini kwa kumuuliza yule yule aliyeniandikia na kufungua viungo alivyonitumia yeye. Barua pepe yao ilikuwa na jina la kampuni, kistari, halafu neno la ajira, na macho yangu yaliishia kwenye jina. Soma yaliyo baada ya alama ya @ herufi kwa herufi, ulinganishe na tovuti halisi. Tena huduma za WHOIS zitakuonyesha anwani ya tovuti ilisajiliwa lini. Ile yao ilikuwa haijafikisha hata mwezi.

Kuhusu ada, Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala binafsi wa ajira kumtoza mfanyakazi ada au gharama, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Si kila nchi imeuridhia, na una vighairi vyake, lakini unakuonyesha desturi ya kazi halali: pesa inatoka kwa mwajiri kwenda kwa mfanyakazi.

Ujue pia kwamba wapo wanaoanza kwa kukulipa. Mdogo wangu alipewa kazi ya kubofya "penda" kwenye video, akalipwa mara mbili, pesa kidogo lakini ya kweli. Kisha salio lake likaonyesha deni, akaambiwa aweke sarafu za kidijitali ili afunguliwe malipo yake. Kila alipoweka, deni likakua. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilipokea taarifa kama 5,000 za utapeli wa aina hii mwaka 2023, na nusu ya kwanza ya 2024 peke yake zikafika kama 20,000. Yale malipo ya mwanzo ndiyo chambo chenyewe. Na ukiombwa kupokea pesa kwenye akaunti yako na kuzipeleka kwa mtu mwingine, kataa hapo hapo, kwa sababu huenda ni pesa za wizi na jina litakaloonekana ni lako.

Hujasema kama umewatumia kitambulisho. Mimi nilituma, pamoja na picha yangu nimekishika karibu na uso, na hilo liliniuma kuliko pesa, maana pesa niliiaga siku ile ile. Kitambulisho na picha ya uso vinatosha mtu kujaribu kukopa au kufungua akaunti kwa jina lako. Kama vimeshawafikia, ieleze benki yako leo. Namba ya siri inayokuja kwa ujumbe wa simu usimsomee mtu yeyote, hata akisema ni ya kukamilisha usajili wa kazi.

Kesho ofisi zikifunguliwa, kabla ya hiyo saa sita yao, piga simu kwenye kampuni yenyewe. Ikiwa umeshatuma pesa, usingoje asubuhi: wapigie sasa benki au kampuni ya simu uliyotumia. Akitokea mtu wa kukurudishia pesa yako kwa ada, huyo ni tapeli mwingine. Na kabla hujawaambia lolote, piga picha za mazungumzo yote, kwa sababu Telegram inamruhusu mtu kuyafuta hata upande wako. Ya kwangu yalifutika usiku ule ule nilipowaambia nimepiga simu ofisini.