Kabla ya Kupima Pembe, Ijue Sarafu Iliyo Sawa

Mtu akinionyesha sarafu na kudai kwamba uso wake wa nyuma umezunguka, yaani haukukaa sawasawa na uso wa mbele, swali langu la kwanza huwa ni namna alivyoigeuza. Sarafu za Marekani hupangwa hivi kwamba ukiweka uso wa mbele wima, kisha ukaipindua kutoka juu kwenda chini, uso wa nyuma nao husimama wima. Za Uingereza na za yuro hupinduliwa kama ukurasa wa kitabu. Asiyejua tofauti hiyo huona hitilafu ya nyuzi 180 mahali isipokuwepo, au huikosa iliyopo. Dola ya fedha ya Marekani ya mwaka 1989, iliyoadhimisha miaka 200 ya Kongresi, ni mfano mzuri: baadhi ya zilizopigwa Denver zina uso wa nyuma uliozunguka takriban nyuzi 180, na ukizipindua kama ukurasa utaziona zimenyooka kabisa.

Chanzo ni mashine. Muhuri, yaani kipande cha chuma kinachochapa picha kwenye sarafu, ukifungwa vibaya, sarafu zake hutoka na pembe ileile. Ukilegea kazini, pembe hubadilika kadiri upigaji unavyoendelea, ndiyo maana sarafu mbili za mihuri ileile zaweza kutofautiana.

Katika kupima, mimi huiweka sarafu ndani ya kifuko cha plastiki cha mraba, kwa kuwa kingo zake zilizonyooka hunipa msingi usiobadilika, mradi sarafu isiteleze ndani yake. Huusimamisha uso wa mbele wima, nikapindua kifuko chote, kisha nikasoma mwinamo wa uso wa nyuma kwa kipimapembe kinachopitisha mwanga. Usitegemee kichwa cha mtu aliyechorwa, kwani wachoraji hupenda kukiinamisha. Tafuta herufi mbili karibu na ukingo zinazolingana kwa kimo, moja kulia na moja kushoto. Halafu pima sarafu ya kawaida ya aina hiyohiyo kwa njia ileile, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo pembe ya hitilafu. Kwa makisio ya haraka uso wa saa unatosha, maana kila dakika ni nyuzi 6.

Chini ya nyuzi 15 sihangaiki sana, kwa sababu mkono wenyewe huweza kukosea nyuzi kadhaa. Pembe ikizidi hapo, andika pia mwelekeo, yaani kama uso wa nyuma umefuata mshale wa saa au umeukaidi, kwa kuwa nyuzi 90 za kulia na za kushoto ni hitilafu mbili tofauti.