Maswali na Majibu: Cheti cha seva na saini ya faili

SWALI: Wataalamu, salaam. Tovuti ya shule yetu inafunguka vizuri kwenye kompyuta, lakini programu ya simu inagoma ikidai cheti hakiaminiki. Cheti ni kipya kabisa. Kosa liko wapi?
Msimamizi wa seva, Morogoro

JIBU: Dalili hizo karibu kila mara ni za seva isiyotuma cheti cha kati, yaani kile kinachounganisha cheti cha tovuti yako na mamlaka ambayo simu inaiamini. Iulize seva yenyewe kwa OpenSSL (programu ya amri ya kushughulikia vyeti), ukiweka jina la tovuti yako palipoandikwa JINA:

openssl s_client -connect JINA:443 -servername JINA -showcerts </dev/null

Usiache -servername. Seva ikibeba tovuti nyingi, OpenSSL ya zamani inaweza kukuletea cheti cha tovuti nyingine. Na bila </dev/null, amri itabaki wazi ikikusubiri uandike.

Tazama chini ya "Certificate chain", yaani mnyororo wa vyeti. Herufi s: ni mwenye cheti, i: ni aliyekisaini. Jina la i: kwenye cheti namba 0 (cha tovuti yako) lazima lionekane kwenye s: ya namba 1. Ukiikuta 0 peke yake, na mwishoni "Verify return code: 21", mnyororo umekatika. Chrome na Firefox za kompyuta huweza kukipata zenyewe cheti kinachokosekana, ndiyo maana hukuona tatizo. Android haifanyi hivyo, wala curl (programu ya kupakua kwa amri) kwenye Linux.

Kama unatumia Certbot (programu ya kupata na kuhuisha vyeti) na Nginx (programu ya seva ya tovuti), ssl_certificate ielekezwe kwenye fullchain.pem, yenye cheti chako pamoja na cha kati, siyo cert.pem. Endesha nginx -t, kisha systemctl reload nginx. Cheti cha mzizi (cha mamlaka yenyewe) usikiongeze, simu inacho tayari.

Kukagua majina na tarehe:

openssl x509 -in fullchain.pem -noout -dates -ext subjectAltName

Amri hii husoma cheti cha kwanza tu ndani ya faili. Tena husoma kilichoko kwenye diski: cheti kikihuishwa bila Nginx kupakiwa upya, faili itaonyesha tarehe mpya huku wageni wakipewa cha zamani. Kwa hiyo linganisha na majibu ya s_client. Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt (mtoa vyeti wa bure) hudumu siku 90, hivyo kosa hili hujirudia.

SWALI: Nimepakua mfumo endeshi wa Ubuntu, nikakagua saini kwa programu ya gpg. Imesema "Good signature", halafu ikatoa onyo kuwa ufunguo hauaminiki. Niendelee?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Bado. Saini ni sahihi kwa ufunguo ulio nao, ila gpg haijui ufunguo huo ni wa nani. Linganisha alama ya utambulisho ya ufunguo huo (fingerprint) nzima, herufi na tarakimu 40, na ile iliyo kwenye tovuti rasmi ya Ubuntu. Zile 8 za mwisho hazitoshi, kwani ufunguo wa bandia wenye mwisho uleule hutengenezeka kirahisi.

Hatua inayorukwa na wengi ni hii: saini inalinda SHA256SUMS, orodha ya namba za kuhakiki mafaili, haijaigusa ISO yenyewe, yaani faili ya Ubuntu uliyopakua. Malizia hivi:

sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing

Jina la ISO lifuatwe na OK. Likija FAILED, ifute uipakue upya. Gpg ikisema "BAD signature", orodha na saini yake vipakue upya kutoka tovuti rasmi kabla ya kugusa ISO.