Nimeripoti posti ya rafiki anayesema amechoka kuishi, mbona haijafutwa?

SWALI: Habari mtaalamu. Rafiki yangu kaposti kwamba amechoka kuishi, nikairipoti, nikajibiwa haivunji masharti. Posti bado ipo! Kwani waliisoma kweli? Na atajua ni mimi niliyeripoti?

JIBU: Pole sana dada, na umefanya jambo la maana kuripoti. Hatajua, jina lako halitajwi.

Sasa hilo la kutofutwa. Mimi nafanya kazi ya kukagua maudhui na hili naulizwa kila mara. Mtu akieleza maumivu yake, mitandao mingi haifuti, na hapo nakubaliana nao kabisa, maana ukimfutia umemziba mdomo, na wale ambao wangeiona wakamtafuta hawataiona tena. Kinachofutwa ni kinachohamasisha watu wajidhuru, kinachofundisha njia, au kinachomcheka aliyejaribu. Instagram walipiga marufuku picha za wazi za kujikata mwaka 2019, baada ya kisa cha Molly Russell, binti wa Uingereza aliyefariki 2017 akiwa na miaka 14. Uchunguzi wa kifo chake mwaka 2022 ulisema maudhui ya mtandaoni yalichangia, na shida haikuwa posti moja, ni algorithimu, yaani mfumo unaochagua cha kukuonyesha, kumletea nyingine na nyingine za aina ileile.

Kwa hiyo posti kubaki haimaanishi hakuna kilichofanyika. Mara nyingi mwenye posti anatumiwa ujumbe wenye namba za msaada, na hatari ikionekana iko karibu, huduma za dharura zinaweza kuarifiwa. Tangu 2017 Facebook wanatumia pia akili mnemba kutambua posti kama hizi, na inaangalia hadi komenti, watu wakianza kuuliza "uko sawa?" hiyo nayo ni dalili. Ila lugha za mtaani na mafumbo zinaipiga chenga sana, na chati zilizofichwa kwa usimbaji, zinazosomwa na wanaochati tu, haizioni mpaka mtu aripoti.

Ukiripoti tena chagua kipengele cha kujiua au kujidhuru, usichague spamu, itaenda foleni nyingine kabisa. Na tafadhali usirushe skrinshoti kwenye magrupu.

Halafu mpigie leo hii, usisubiri mtandao. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ameshapanga, asiachwe peke yake, ita ndugu zake, piga namba ya dharura au mpelekeni hospitali.