Viumbe niliowaona usiku wa volkano

*Shangazi, Januari 2002 volkano ilipotukimbiza Goma nilikuwa na miaka sita. Tulilala barazani kwa watu, Gisenyi. Usiku niliamka nikaona viumbe wawili warefu, macho makubwa, hawana mdomo. Nilishindwa kusogea, hata kulia. Rafiki yangu anasema walitoka sayari nyingine, wakanichagua. Kwenye chumba cha maombi wanasema ni pepo, na sasa limemwingia binti yangu wa miaka saba, maana naye huona mtu miguuni pa kitanda. Wanataka afunge siku tatu. Maana yake nini?*
*Mama wa Majengo, Goma*

Mama wa Majengo, pole sana. Niruhusu nianze na mtoto.

Asifunge hata mlo mmoja. Sheria yetu ya Kongo ya ulinzi wa mtoto, ya mwaka 2009, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi, na maneno ya pepo huishia hukohuko. Leo jioni mpe bugali na sombe ashibe, lala naye, mwombee wewe mwenyewe. Akikueleza alichoona, msikilize mpaka amalize.

Sasa wewe. Wazee waliliita jinamizi. Tukiota, mwili hulegea usitende yale ya ndotoni. Mara nyingine akili huamka kabla ya mwili, na ndoto ikabaki mbele ya macho. Huwapata zaidi waliochoka na wasiolala vizuri. Mimi lilinikaba nilipokuwa namuuguza mama yangu, nikamwona mtu mlangoni waziwazi. Na wewe ulikuwa mtoto, umetembea na umati, nyuma yenu mji unawaka.

Sisemi ulidanganya. Septemba 1994, huko Ruwa, Zimbabwe, watoto wapatao sitini wa shule moja walisema wameona viumbe wenye macho makubwa, tena mchana. John Mack, daktari wa akili kutoka Harvard, aliketi nao akawasikiliza. Watu wanabishana mpaka leo. Lakini kwamba ulichaguliwa, hapo simfuati rafiki yako. Ni mzigo mwingine anakutwika.

Nimesoma barua yako mara tatu. Umeniandikia macho yao na urefu wao, ila hujaandika nani alilala kando yako. Ukitaka maana ya kiroho, mimi ningeitafuta hapo. Kama mama yako bado yupo, nenda kwake Jumapili hii, umuulize usiku ule alikuwa wapi, na kitenge ulichofunikwa kilikuwa cha nani.